Biti Nyekundu na Biti Nyeusi

Wiki iliyopita mlinisindikiza kwa soda, pilau na maneno mazuri mno, hata nikajiuliza kama nimestaafu au nimefariki. Nawashukuru. Lakini katika maneno yote yale hakuna aliyeniuliza swali lenye faida: kwa nini biti, yale meno ya kutobolea, za mashine yetu ya kutoboa matundu kwa mstari zimepakwa rangi mbili, nyekundu na nyeusi, kwa zamu, na kwa nini ubavu wa kushoto wa kabati tunauita Bukuru na wa kulia tunauita Butoyi. Mmezoea. Mtu akishazoea kitu haulizi tena, na karakana isiyouliza huanza kunuka moshi. Kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana havikunisaidia kutoboa tundu hata moja lililonyooka.

Nilizaliwa Mabamba, wa pili kati ya mapacha. Kwetu pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi. Jina halina mjadala wala kikao cha ukoo. Kaka yangu Bukuru alishika jembe kwa mkono wa kulia, mimi mashoto. Tukilima bega kwa bega majembe yaligongana, na mama akatuhamishia kila mmoja upande wake wa shamba. Watu wakasema Mungu alimuumba Bukuru, kisha akamgeuza ndani nje akanipata mimi.

Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alikuwa akieleza jambo lilelile mara ya pili, na mimi mara ya pili nilikuwa nimeshafika barabarani. Nikachoma matofali Munanila, nikaziba pancha za baiskeli Kasulu, nikabeba magogo ya mninga Kibondo, nikaendesha mashine ya kusaga ambayo niliifungua nikaona ndani, nikaifunga ikabaki na skrubu moja ya ziada. Ilisaga vizuri kuliko mwanzo. Mwenyewe hakupenda hata hivyo. Kila nilipopita nyumbani, Bukuru alikuwa na shamba kubwa kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na alikuwa na neno moja tu la kunikaribishia: "Butoyi hatulii." Alilisema kwa wageni, kwa watoto, kwa mbuzi. Halikuwa tusi. Lilikuwa kama kusema mvua hunyesha.

Useremala ulinikuta Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, nilikoingia kama kibarua wa kubeba mbao za madawati. Fundi mkuu alikuwa Mkongomani, Papa Mateso, mtu mfupi mwenye kalamu ya risasi sikioni hata kanisani. Siku ya kwanza alinipa randa, akanitazama.

"Weye uko na mkono wa kushoto?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi sukuma toka upande ule. Mbao haiko na shida na mkono. Batu njo wako na shida."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikaa naye muda mrefu kuliko nilivyokaa mahali popote. Alinifundisha kutumia gabari, ndivyo alivyokiita kipande cha chuma chenye matundu unachokilaza juu ya mbao ili biti ifuate njia bila wewe kupima. "Futi inadanganya," alisema, "juu ya wewe njo unaisoma. Gabari haisomwi." Alipopata safari ya kwenda kuishi ng'ambo na familia yake, aliniachia gabari hiyo. Ipo kwenye msumari karibu na dirisha. Msiitumie kufungulia soda.

Kasulu niliingia kwa Mama Nyandwi nikitafuta kazi ya msimu. Mnamfahamu ninyi akiwa mzee wa kiti cha uvivu. Wakati huo alikuwa ameacha ushonaji nguo na kurithi karakana ya mumewe, na aliitazama mbao kama kitambaa. "Kabati ni gauni," aliniambia siku ya kwanza. "Mikono miwili isipolingana, hata ulitarizi kwa dhahabu, mvaaji ataonekana kilema." Akanipa kabati la mteja nilivunje, nilifunge tena. Nikakaa msimu, msimu ukazaa mwingine, na sikujua nimekaa hadi nilipogundua kwamba nina kikombe changu.

Sasa kisa chenyewe.

Zahanati moja ya kule Busunzu ilitupa kazi ya makabati mawili ya dawa. Msimamizi alikuwa Sista Konsolata, mwanamke mpole wa sauti na mkali wa macho. Makabati ya dawa lazima rafu zake zipande na kushuka, kwa sababu leo dawa inakuja kwenye chupa ndefu, kesho kwenye kopo fupi. Kwa hiyo kila ubavu unatobolewa safu ya matundu toka chini hadi juu, unachomeka vigingi vinne, viwili huku na viwili kule, unalaza rafu. Tulitoboa kwa drili ya mkono na gabari ya Papa Mateso. Gabari ni nzuri kwa dawati. Kwa mamia ya matundu inachoka: vitobo vyake vinapanuka, biti inaanza kucheza ndani, na kila fundi mkono wake unainama upande wake. Sista alilaza rafu, akaweka chupa ya dawa ya kikohozi, akafunga mlango. Chupa ikatembea.

"Fundi Butoyi," alisema, "rafu hii ina miguu mingapi?"

"Vigingi vinne, Sista."

"Mbona inasimamia vitatu?"

Tulikata vipande vya kadibodi tukavibandika chini ya kile kigingi cha nne. Sista akatazama kadibodi kama anavyotazama donda lililofungwa kwa kanga. Kisha akasema jambo lililotunyima sote usingizi. Jengo jipya la zahanati lilikuwa linapanda, na lingehitaji makabati kuta nzima, vyumba vyote. Kazi hiyo angependa ibaki huku kwetu. Lakini rafu ikitikisika hata moja, ataagiza Mwanza.

Kwa Mama Nyandwi hiyo haikuwa kazi tu. Mbao za msonobari zilikuwa zimeshapandishwa ukutani zikisubiri, na wateja wadogo wa vitanda na meza walikuwa wamehamia kwenye maduka ya vitu vya kuunganisha mwenyewe. Kazi ya Busunzu ingetubakiza mlango wazi. Ikiondoka, kufuli. Akatukusanya, akasema fedha iliyopo inatosha mashine moja, si moja na nusu. Tukikosea kuchagua, hakuna ya pili. Akanigeukia. "Wewe uliyefungua kila kitu cha watu kati ya hapa na Munanila, leo utafungua kwa faida yangu."

Tulianzia Kigoma mjini, kwa kijana mmoja mfanyabiashara mwenye viatu vyeupe. Mashine yake ilikuwa mpya, ndefu, na ilipumua. Unalaza ubao, unakanyaga, hewa inashuka kuubana, vichwa vyote vinazama pamoja, na safu nzima inatoka kwa mpigo mmoja.

"Mzee wangu," kijana alisema, "hii kitu imetulia."

Nilicheka peke yangu, kwa sababu zangu. Nikaomba tupitishe mbavu mbili, ya kushoto na ya kulia, tukazisimamisha, tukachomeka vigingi, tukalaza rafu na kuweka pimamaji. Kiputo kikakaa katikati. Kijana hakudanganya, mashine ilikuwa njema kweli. Na hili mlishike: mtu akikuuzia mashine ya matundu, usitazame tundu moja lilivyo zuri. Tundu moja hata panya anaweza. Tazama mbavu mbili zikisimama pamoja.

Lakini Mama aliuliza swali lake la jikoni. "Inakula nini?"

"Umeme wa njia tatu, mama, na upepo wa kompresa."

"Kwetu tuna njia moja."

"Mtaomba, watawavutia."

"Lini?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Hapo ni kusubiri."

"Sista naye atasubiri?"

Nikaomba pia kufungua kifuniko niione giya. Kijana alisema kikifunguliwa dhamana imekufa. Akiharibikiwa mtu, fundi anaitwa kutoka Dar. Hapo nikajua si yetu. Mashine usiyoruhusiwa kuifungua umeiazima tu, hata kama umeilipia.

Tukarudi mikono mitupu. Njiani, tukiikaribia Kasulu, dereva wetu akasema kwamba Kibondo kuna mzee aliyenunua vyombo vya mkandarasi aliyekuwa akitengeneza samani za makambi, na kati yao kuna mashine ya matundu inayotumiwa na kuku. Mama alisema hana haja na kuku. Mimi nikasema kuku hawatagi juu ya kitu kinachotikisika. Akamwambia dereva anyooshe hadi Kibondo.

Mzee Kagoma alitupokea kwa salamu ya "Mwidiwe!" iliyosikika hadi nyumba ya pili. Alikuwa seremala mwenzetu, aliyefunga karakana miguu ilipomchosha. Akavuta turubai, kuku wakatawanyika kwa matusi, na pale chini ilikuwa mashine ya chuma kitupu: mota moja, ya umeme wa njia moja, vichwa kumi na vitatu kwa mstari, mkono wa kushushia kwa nguvu za mtu, bila upepo wowote. Chuma kizito cha zamani. Nikaipapasa toka kichwa cha kwanza hadi cha mwisho.

"Msifurahi," Mzee alisema. "Ina laana. Inachoma mbao kama tanuru la mkaa. Nimeagiza hadi biti mpya Mwanza, haikusaidia. Ndiyo maana nawauzia kwa bei ya chuma chakavu."

Tukaiunganisha umeme, tukalaza ubao, nikashusha mkono. Ikanguruma, ikapiga kelele, na moshi ukapanda. Nilipoinua, matundu mengine yalikuwa safi kama yamekatwa kwa wembe, mengine yalikuwa meusi, hayakuzama hata kina cha ukucha. Mama akaniinamia akanong'ona kwa Kiha, "Tugende," akasahau kwamba Kibondo nzima hunong'ona kwa Kiha.

"Muende wapi?" Mzee Kagoma akadakia. "Hata uji hamjanywa."

Mimi nilikuwa bado nimeinamia ubao. Safi, jeusi, safi, jeusi, safi, jeusi, hadi mwisho. Ugonjwa hauruki mtu mmoja mmoja kwa adabu namna ile. Nikamwomba Mama uzi. Tangu enzi za cherehani hajawahi kutembea bila uzi mkobani. Nikafunga kipande kwenye kila biti, vyote vikining'inia upande mmoja, nikazima umeme ukutani, nikaizungusha mota polepole kwa kiganja.

Uzi wa kwanza ukaenda kulia. Wa pili ukaenda kushoto. Wa tatu kulia. Wa nne kushoto.

Mkitaka kujua jinsi nilivyojisikia, sijui. Nilijiona mimi na Bukuru shambani, majembe yakigongana. Bila shaka! Giya mbili zikiumana, moja ikienda huku nyingine lazima iende kule. Nimeona hilo kwenye kila kitu nilichowahi kufungua. Kwa hiyo kichwa kinachogeuka kushoto kinataka biti iliyonolewa kushoto. Na biti zote mle ndani zilikuwa za kulia. Nusu ya vichwa vile vilikuwa mashoto waliopewa panga la mkono wa kulia wakaambiwa ni wavivu.

"Mzee," niliuliza, "ulipoinunua, biti zake zilikuwa ndani?"

"Hapana, zilikuwa kwenye boksi. Mimi ni mtu wa kuhakiki. Nilizijaribu zote kwenye drili ya mkono, moja moja. Nzuri nikazifunga. Sita zilikuwa mbovu, haziumi kabisa, zinaunguza tu. Nikazitenga, nikaagiza nyingine zinazofanana na zile nzuri. Mashine moja, biti lazima zifanane kama mapacha."

Mama Nyandwi akacheka kabla yangu. "Mzee Kagoma! Wewe ni Muha gani? Mapacha wa wapi wanaofanana? Kama wangefanana tungewapa majina mawili ya nini?"

"Zile mbovu ziko wapi?" nikauliza.

Mzee akageukia nyumba. "Mama Devota! Lile kopo!"

"Lina mbegu za maharage!" sauti ikajibu toka ndani.

"Chini ya maharage!"

Mama Devota akaja na kopo la maziwa ya unga, akalimimina kwenye ungo huku akituuliza kama tunapanda msimu huu. Maharage yakateremka, na mwisho wakaanguka wale sita, wamevaa vumbi. Nikainua moja juani. Michirizi yake ilipanda kinyume, kama mzabibu uliokosea mti. Nikawafunga kila mmoja kwenye kichwa chake, Bukuru, Butoyi, Bukuru, Butoyi. Ubao mpya. Mkono chini.

Haikupiga kelele. Ilitoa sauti ya mtu anayemega mkate. Nilipoinua, matundu kumi na matatu yalikuwa yanatutazama, safi, na unga mweupe wa mbao umejikunja pembeni ya kila moja. Mama Devota alipiga kigelegele na ungo bado mkononi. Mzee Kagoma alitia kidole kwenye kila tundu, toka la kwanza hadi la mwisho, akarudi tena toka la mwisho hadi la kwanza. Kisha akajiweka wima.

"Sasa siuzi," akasema.

Hata kuku walisikiliza. Mtu mwingine angebishana, lakini Mama Nyandwi alikuwa amewapima watu viuno kwa miaka mingi na alijua wapi pa kulegeza.

"Mzee, ukienda kumwona mzazi aliyejifungua mapacha, unapeleka zawadi moja?"

"Oya, hapana. Mbili. Moja ni kutukana mmoja."

"Basi bei uliyotuambia ilikuwa ya Bukuru peke yake. Butoyi naye nampa yake: makabati mawili, ya kwanza kutoka kwenye mashine hii, nakuletea mlangoni."

Mzee alitafuna hilo. "Na milango?"

"Na milango."

"Na vitasa?"

"Mzee, usimzae wa tatu."

Akacheka hadi akakaa chini, na hapo mashine ikawa yetu.

Kasulu nilizipaka biti rangi siku ileile tuliyoishusha: nyeusi kwa wanaogeuka kulia, nyekundu kwa wanaogeuka kushoto, na alama ya rangi hiyohiyo juu ya kila kichwa, ili hata mgeni asiyejua kusoma asikosee. Mbavu za kabati nazo zikapata majina. Bukuru anasukumwa hadi kizuizi cha kushoto, Butoyi hadi cha kulia, na wote wawili wanaanzia miguuni, kamwe si kichwani. Mti hauna adabu, unaweza kuwa mrefu kidogo juu, lakini sakafu ni moja kwa wote. Chora chaki mguuni kabla hujagusa mashine. Mkitoboa Bukuru wawili kwa kabati moja, na mtafanya hivyo, kila fundi hufanya, basi subirini kabati la pili mtoboe Butoyi wawili, msimwambie mtu. Na yule anayeniuliza kila mwaka kama umbali wa tundu na tundu unaweza kupunguzwa kidogo: hauwezi. Umeamuliwa na giya, na giya haipokei maombi.

Tulifanya kazi ya Busunzu yote kwa mashine hiyo. Vumbi la msonobari liliingia hadi kwenye uji. Makabati ya Mzee Kagoma tuliyatanguliza, kama ilivyoahidiwa, pamoja na vitasa, maana Mama hakuweza kulala. Kisha tukapakia lori la Sista, mbavu zikiwa zimelazwa, tukazifungie kulekule. Nilikuwa na fundi Nzeyimana, ambaye leo anawasumbua ninyi kwa pimamaji yake.

Kwenye tuta moja dereva alikuwa anatazama simu. Mzigo ukaruka. Tulipofika Busunzu na kushusha, Bukuru mmoja alikuwa amepasuka toka mguuni hadi kiunoni, na wageni wa ufunguzi walikuwa wanakuja kesho yake. Sista alisimama mlangoni, mikono ndani ya mikono ya gauni.

Nzeyimana alikuwa wa enzi za gabari. Kwake ubavu ukivunjika kabati limekufa, kwa sababu mwingine hautalingana na mwenzake mpaka uwalaze pamoja uwatoboe upya. "Kaka," aliniambia, "turudi na hili kabati Kasulu, tuombe siku."

"Hatuna siku," nikasema. Nikapanda juu ya kichuguu nyuma ya zahanati, mahali pekee penye mtandao, nikapiga karakana. Alipokea Zawadi, mkwe wa Mama, aliyekuwa ameanza kazi ya simu na mapokezi juma lile. Mtandao ulikuwa unakatika. Alichosikia, alituambia baadaye, ni hiki: "Bukuru amevunjika... haraka... aletwe Bukuru..."

Akamkabidhi Mama simu, akatoka nje mbio.

"Nini kimevunjika?" Mama alisema.

"Ubavu, Mama. Bukuru mmoja. Nitumie mwingine kwa basi la asubuhi."

"Wa kabati lipi?"

"Yeyote."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Yeyote?"

"Yeyote, Mama. Aliye karibu na mlango."

Akacheka kicheko kile cha Kibondo. Nadhani ndipo sote wawili tulipoelewa tulichokuwa tumenunua. Hatukuwa tumenunua matundu. Tulikuwa tumenunua neno lile: yeyote.

Basi lilisimama asubuhi, kondakta akateremsha Bukuru aliyefungwa kwa gunia. Tulikuwa bado tunalifungua gunia, pikipiki ilipoingia kwa kasi, imejaa vumbi la njia ya Mabamba, na nyuma yake ameketi kaka yangu. Bukuru, ambaye hata kwenda Kibondo mjini huaga kama anayekwenda Hija. Alishuka kabla haijasimama, akanikamata mabega, akanipapasa mikono, mbavu, magoti.

"Wapi?" akasema.

"Wapi nini?"

"Ulipovunjika! Msichana wa karakana yenu amepiga simu nyumbani, kwa namba uliyowaachia, ananipa pole, anasema Bukuru amevunjika huku Busunzu. Nikamwambia Bukuru ni mimi, sijavunjika. Nikafikiri: kama si mimi, ni nani mwingine?"

Nikamwonyesha ubavu uliopasuka. Akautazama. Akanitazama.

"Mbao," alisema. "Nimeacha maharage juani, nimepanda chombo cha shetani toka Mabamba, kwa ajili ya mbao."

Sista Konsolata alikuwa ameegemea ukuta, analia kwa kucheka. Alipopata sauti akasema, "Kwa kuwa umefika, baba, saidia. Rafu zina urefu wa kushikwa na wawili."

Tukamfunga Bukuru mpya mbele ya Butoyi wake ambaye hawakuwahi kulala pamoja mezani. Vigingi vikaingia. Kaka yangu akashika mwisho mmoja wa rafu kwa mkono wake wa kulia, mimi mwisho wa pili kwa kushoto, na kwa mara ya kwanza maishani hatukugongana. Rafu ikashuka, ikakaa. Sista akaja na glasi ya maji iliyojaa hadi mdomoni, akaiweka pembeni kabisa, pale ambapo zamani kadibodi ilikaa. Maji hayakuchezacheza. Halafu, kwa ubishi wake, akachomoa rafu ya chumba cha mwisho akaileta kwenye kabati la kwanza, na ya kwanza akaipeleka ya mwisho. Zote zikaingia. Akafanya hivyo hadi Nzeyimana akaketi kwenye ngazi akisema, "Sista, tumekubali."

Bukuru hakuwafuata. Alikuwa amebaki kwenye lile kabati la ubavu mpya. Akabonyeza kona ya rafu kwa dole gumba. Akabonyeza kona nyingine. Akaegemeza kiganja chote, kile kiganja cha jembe, akasukuma kwa uzito wa mwili.

"Imetulia," akasema.

Nilisubiri aongeze. Alikunywa ile glasi ya maji, akairudisha palepale, akauliza kama kuna basi la kurudi, kwa sababu ile pikipiki hatapanda tena.

Ndiyo hivyo. Mwaka utafika mtaagiza biti mpya, na mtazijaribu kwenye drili ya mkono kama Mzee Kagoma, kwa sababu ninyi pia ni watu wa kuhakiki. Nusu yake hazitauma. Zipakeni rangi nyekundu, mzifunge mahali pake. Msizizike chini ya maharage.